Mtoto wa Baraksi Atafuta Kijiji

Jumatatu, 3 Machi

Polisi wanaandika watu! Redio imesema asubuhi, mama akikoroga uji. Wasichana kwa wavulana, waliofika Senia Four, kidato cha nne, wenye afya. Mwiko ukasimama. Mama akanitazama, mimi nikatazama sufuria.

—Baba yako hakutosha? aliuliza. Kisha akachukua kanga yake akaenda kazini. Anapika katika shule hapa Lumino.

Ningesema nini? Kwamba tangu baba afe na sisi tutoke baraksi ya polisi ya Busia, sijawahi kulala mahali nikajisikia niko kwetu? Nakumbuka vile vibanda vya bati vya duara, jua likiwaka unaweza kukaanga yai ukutani. Nakumbuka tarumbeta ya asubuhi. Nakumbuka baba ameketi kwenye kigoda, kiatu kimoja mkononi, anakitemea mate na kukisugua mpaka pua yake ionekane ndani. Watoto wa makabila yote kwenye bomba moja la maji, tunagombana kwa Kiswahili. Ndiyo maana hata haya naandika kwa Kiswahili. Sina lugha nyingine ninayoweza kulia nayo.

Lakini kuna jambo. Kila mtu aende wilaya ya asili yake, na barua ya mwenyekiti wa kijiji chake. Kijiji changu! Kipi?

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kijiji cha Kwapa. Kwa baba. Mara ya mwisho ilikuwa mazishi, nami nilikuwa na miaka kumi na sita.

Mwenyekiti, Mzee Ojulong, nilimkuta anarekebisha boma la ng'ombe. Nikamsalimia kwa Kiteso, "Yoga," akaitikia vizuri, kisha akamimina Kiteso kama mvua. Nikabaki na tabasamu la kijinga. Akageuza Kiswahili.

—Wewe nani?

—Aanyu. Mtoto wa marehemu Koplo Olupot.

—Olupot namjua. Na watoto wake najua. Edeku na dada zake. Wewe sijui.

Nikamwambia mama yangu ni Auma, yule mke wa baraksi, si Mteso, ni Mjopadhola. Akapiga msumari. Mwishowe akasema barua atagonga mhuri, kwa sababu sura ya Olupot iko wazi usoni pangu, hata kipofu ataiona. Lakini polisi watakuja baadaye kuuliza nyumbani, ndiyo kawaida yao. Na siku hiyo si yeye atakayejibu. Ni mwenye boma. Ni Amoit.

Amoit ni mama mkubwa. Mke wa kwanza wa baba. Siku ya mazishi mimi na mama tulikaa nyuma kabisa, nyuma ya watu wa kanisa, na hakuna aliyetuletea maji. Leo nimepita barabarani mbele ya boma lake. Nimeliona kaburi la baba, limepakwa chokaa upya. Sikuingia.

Jumapili, 9 Machi

Mama amekwenda kanisani, mimi nimebaki. Kichwa kimejaa baraksi leo.

Krismasi ya mwaka ule nilipoingia darasa la tatu! Baba alikuwa na likizo na hakwenda popote. Likizo nzima alikaa nasi. Bendi ya polisi ilipiga uwanjani, naye baba — mtu mkavu, mtu wa amri — akanibeba mabegani akacheza. Akacheza! Kofia ilianguka, mbwa wa O.C., mkuu wa kituo, akaikimbilia, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mama alivaa gomesi ya zambarau. Nikifunga macho nasikia ngoma kubwa ile inapiga tumboni mwangu.

Nadhani hiyo ndiyo siku ninayoifuata. Si mshahara wala si bunduki. Ni siku ile.

Jumanne, 18 Machi

Mbio za usaili wa polisi! Tumekimbia Tororo, asubuhi, mwamba ule mkubwa wa mji umefunikwa ukungu. Tulikuwa wengi mno, wengine na viatu vya shule, wengine pekupeku. Vumbi la kiwanda cha saruji kwenye koo.

Kabla ya mbio kijana mmoja alinisogelea. Mrefu, mikono mikubwa ya jembe.

—Wewe Aanyu.

—Ndiyo.

—Mimi Edeku.

Kaka yangu! Kaka yangu wa baba mmoja, tumesimama kwenye mstari mmoja, kila mmoja na namba kifuani. Tulipeana mikono. Nikasema pole kwa jua. Jua lenyewe lilikuwa halijatoka. Alicheka kidogo. Kicheko cha baba. Kile kile, cha kupitisha puani.

Alikimbia pekupeku na akamaliza miongoni mwa wa kwanza. Mimi nilikuwa na wasichana wa mbele. Nilifurahi, nikamtafuta. Nilikuwa nimeanza kuota: sisi wawili Masindi, mafunzoni, nawaambia watu huyu ni kaka yangu.

Halafu kupimwa macho. Afisa alimfunika jicho la kulia, akamwonyesha vidole. Edeku kimya. Akamwonyesha tena, karibu zaidi. Kimya. Afisa hakumtukana, alimgusa bega tu akamwonyesha geti.

Nilimfuata nje. Alikuwa amechuchumaa kwenye kivuli cha ukuta, namba bado kifuani. Nikauliza, jicho limefanya nini?

—Bua la mtama. Wakati wa kuvuna. Nilikuwa darasa la nne.

—Hawakukupeleka hospitali?

—Mama alimngoja mzee aje likizo. Tulisema akija Krismasi atanipeleka.

Akanitazama kwa lile jicho zima.

—Mwaka ule hakuja.

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Kisha akaniambia nirudi ndani, wataita jina langu, nisikose.

Wameliita. Nimepita.

Jumatano, 19 Machi

Krismasi ile baba alipobaki nasi, nilikuwa darasa la tatu. Yeye ananizidi kidogo tu. Nimejaribu kupanga miaka iwe mingine. Haikubali.

Ijumaa, 28 Machi

Intavyu, Tororo. Nilivaa sketi ya mama ya kanisani, imenibana. Maafisa watatu nyuma ya meza. Wawili wanaume, mmoja mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, walimwita Madam Acen.

Waliuliza kwa nini nataka upolisi. Nilikuwa nimekariri majibu — kutumikia taifa, kulinda raia na mali zao — yote yakatoroka. Nikasema nimezoea kuamshwa na tarumbeta. Walicheka! Nilidhani nimeharibu. Madam Acen akauliza baraksi gani, nikasema Busia, akasema hata yeye alizaa wawili katika vile vibanda vya bati, joto lile alikuwa akiwalaza watoto juu ya gunia lenye maji. Tukacheka wote wawili kama majirani. Kwa dakika hiyo nilikuwa nyumbani. Kweli kabisa.

Yule wa kulia hakucheka.

—Wilaya yako umeandika Tororo. Kijiji, Kwapa. Umeishi Kwapa lini?

—Baba yangu amezikwa huko.

—Sikuuliza marehemu. Nimeuliza wewe.

Akasema watu wa wilaya wanalalamika kila mwaka: nafasi zao zinachukuliwa na wageni wenye barua. Akaniambia nijieleze kwa Kiteso. Nikasema jina, nikasema jina la baba, nikasema asante. Kiteso changu kikaishia hapo.

Uamuzi: wiki ijayo afisa atakwenda Kwapa kuuliza. Nyumba ikinikataa, nimekwisha. Na mwakani nitakuwa nimepita umri.

Madam Acen alinisindikiza mlangoni. Akasema kwa sauti ya chini: nenda kabla yao, mwanangu. Usiende kuomba. Nenda tu uonekane.

Jumapili, 30 Machi

Nimemwambia mama kila kitu. Pia la Edeku.

Alikuwa anachambua maharagwe. Aliendelea kuchambua. Nilidhani hajasikia.

—Nilijua mtoto anaumwa, alisema mwishowe. Si jicho. Nilijua tu kuna mtoto anaumwa. Baba yako alisema ataenda Kwapa Jumamosi. Nikamwambia tangu nimeolewa sijala Krismasi na mume. Basi akabaki.

Akasimama, akaenda kuangalia moto ambao haukuhitaji kuangaliwa.

Nilitaka kumkasirikia. Nikamwona na ile gomesi ya zambarau, kijana, karibu rika langu la sasa, anacheka, kofia inaburutwa na mbwa. Siwezi. Ile siku bado ni nzuri. Hapo ndipo ubaya ulipo!

Hatakwenda Kwapa, amesema, miguu yake haitakubali. Lakini jioni alifunga samaki wakavu katika gazeti, wengi, wale wakubwa, akaweka juu ya mkoba wangu. Hakusema ni wa nani.

Jumatano, 2 Aprili

Niko Kwapa. Naandika nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nyuma ya jiko la mama mkubwa. Mikono ina malengelenge, kalamu inauma.

Nilifika jana asubuhi. Alikuwa shambani, anapalilia karanga. Mwembamba, kitambaa cheupe kichwani. Nikasimama pembeni na samaki wangu. Akanitazama kutoka miguuni kwenda juu, alipofika usoni akasimama hapo kwa muda.

—Jembe liko pale, alisema. Kwa Kiswahili, kile cha sokoni Malaba.

Basi. Nikapalilia. Nilikata karanga kadhaa pamoja na majani, aliona, hakusema. Edeku alikuja mchana na maji ya kunywa, akanikuta nimeinama na sketi imefungwa kiunoni. Akasema afande anapalilia kama anachimba handaki. Nilicheka peke yangu.

Jioni atap, ugali wa wimbi, na wale samaki. Tumekula sahani moja, yeye, Edeku na mimi. Ndipo mama mkubwa akauliza, bila kunitazama:

—Huko baraksi, asubuhi, mzee alikuwa anafanya nini?

Sikuelewa. Akarudia. Anaamka, halafu anafanya nini?

Nikamwambia. Viatu. Kigoda. Kwamba alikuwa anaimba zaburi za Kiteso wakati wa kunyoa ndevu, na hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha mpaka amalize. Kwamba chai aliitaka ya moto hadi inaunguza.

—Bado alikuwa anaimimina kwenye kisosi, anapuliza?

—Alikuwa anapuliza! Na kunywa kwenye kisosi!

Akapiga paja. Akacheka, machozi yakamtoka. Akasema yeye ndiye aliyemfundisha hiyo, mzee alikuwa anaunguza ulimi kila siku. Akaniambia baba alivyokuwa kijana, anachunga ng'ombe wa watu, mtanashati wa kutisha, anaogopa chura. Baba anaogopa chura! Akaniambia siku aliyotoka kwenda kuandikwa upolisi, alivyomfungia viazi vitamu, alivyosimama pale barabarani mpaka lori likazama upande wa Tororo. Alidhani atarudi baada ya mafunzo.

Mimi nilimpa baba wa mwisho, yeye akanipa wa kwanza. Edeku alikuwa katikati, anatazama huku na huku. Hakuwa na wa kwake wa kutoa. Nilipoona hivyo nikanyamaza.

Hatujasema neno juu ya polisi. Madam Acen alisema nisiombe. Siombi. Lakini kila pikipiki inayopita barabarani inanikatia pumzi.

Ijumaa, 4 Aprili

Amekuja.

Ni yule yule. Wa kulia, asiyecheka. Amekuja na boda na Mzee Ojulong nyuma yake. Nilikuwa nafagia uwanja. Akaniangalia, akaangalia fagio — nadhani alifikiri ni maonyesho. Akaniambia niingie ndani, atazungumza na wenye nyumba peke yao.

Niko jikoni. Ukuta ni wa udongo, umepasuka karibu na dirisha, nasikia kila kitu. Naandika ili mikono ifanye kazi.

Mama mkubwa ametoa viti. Ametoa maji. Afande amekataa maji, kisha amekunywa. Wanaongea mvua, wanaongea karanga. Mzee Ojulong anatafsiri pale Kiswahili cha mama kinapokwama.

Sasa anauliza: marehemu aliacha wake wangapi. Mama mkubwa amejibu wawili. Kavu, kama mtu anayesema bei.

—Yule wa pili, alikuwa anakuja hapa?

—Hapana.

—Na huyu msichana, kabla ya wiki hii, alilala hapa siku gani?

Nasikia kuku tu.

—Hakulala, amesema.

Hawezi kusema uongo, ni mtu wa kanisa. Sikutaka aseme uongo. Au nilitaka? Sijui.

Edeku amefika kutoka shambani, nasikia jembe likiegemezwa ukutani, hapa hapa nje ya bega langu. Afande amemuuliza kama naye aliomba upolisi. Amesema ndiyo. Amesema jicho. Afande ameuliza: basi wewe mtoto wa hapa umerudishwa, na mgeni amechukuliwa, unaonaje? Nasikia Edeku anavyopumua kwa pua.

Afande amegeukia mama mkubwa. Anasema hana muda, anataka jambo moja aandike aende zake. Mama, taja watoto wa boma hili. Kwa majina.

Anataja. Polepole, kwa Kiteso, kila jina na kituo. Edeku. Halafu dada zake, mmoja mmoja, hata yule aliyekufa mchanga amemtaja. Amefika mwisho.

—Hao tu?

Kalamu ya afande inagonga ubao.

Edeku amesema kitu. Kwa Kiteso, kifupi, lakini hicho hata mimi nimekielewa: Mama, hesabu vizuri.

Kiti kimelia. Mama mkubwa anakohoa, anasafisha koo. Anaanza upya. Edeku, anasema. Halafu — Aanyu.