Jembe la Babu Yako

Dorcas mjukuu wangu,

Maharage yako jikoni, yachemshe tena, hayajaiva. Babu mpe uji kwanza, hata akinuna. Mimi nimepanda bodaboda kwenda Kasulu kumchukulia dawa ya maumivu, maana daktari alisema imebaki hiyo tu.

~~Jembe nimelificha chini ya kitanda changu. Usimpe hata akiliomba.~~

Asubuhi nilimkuta nyuma ya migomba, amelala chali kwenye umande, jembe ubavuni. Nikapiga yowe. Akafumbua jicho moja: "Nyamaza, mama Rigobert, ninapima." Alikwisha kuchora alama ardhini, kichwani na miguuni.

Nilimtukana, mjukuu wangu, Mungu anisamehe. Nikamwambia hatujamaliza hata mwaka hapa Heru Juu, na Rigobert wetu amezikwa kule Burundi, na yeye aliniahidi tutarudi tulale karibu na mtoto. Akasema, "Maiti haivuki mpaka bila makaratasi. Hapa wajukuu watanipalilia."

Mimi ndiye mtega vitendawili wa nyumba hii, lakini leo kanitegea yeye: chumba gani mwenyewe hukipima akiwa mzima, akakihamia asijue?

Alipoingia ndani, nikalala pale pale. Kumbe amepima pa mtu mmoja tu.

Jembe mpe. Mwambie aongeze upana, nami nitalala kushoto kwake kama siku zote.

Uji usisahau sukari.

Bibi yako