Vioo vya Nguma Havina Kosa

Chaani, Changamwe,
Mombasa.
8 Novemba, 1946.

Mpendwa Shemeji Tsofa,

Shikamoo. U hali gani huko Tanga, na kile kikohozi cha vumbi la mkonge kimekuachilia? Hapa watoto hawajambo, mvua za vuli zimeanza, na yule kuku mwekundu uliyetuachia ameangua. Nikisema sote wazima nitakuwa nakudanganya.

Mdogo wako Nguma hajui kama nakuandikia.

Waikumbuka ile darubini yake? Yule ofisa wa manowari aliyemfanyia kazi alimwachia vioo viwili, kikubwa kama sahani ya wali na kidogo. Nguma akavitia ndani ya bomba la mbao, majirani wakawa wanapanga foleni uani kwetu kuutazama mwezi. Hata mimi niliyaona mashimo yake, haki ya Mungu.

Lakini vioo hivyo havitaki kutikiswa, lazima vipangwe kila mara. Unachungulia kwenye kitundu cha ubavuni, huku unakaza skrubu za nyuma, mpaka doa jeusi lililotiwa kwenye kioo kikubwa likae katikati ya duara unaloliona. Sasa ni mwezi mzima Nguma hulia kuwa doa limekwenda kando. Nikichungulia mimi, liko katikati sawasawa. Akishalipanga kwa jicho lake, akaniambia "Haya, limekaa," natazama, lo! liko ukingoni kabisa.

Nikamwambia, Baba Kafedha, kioo hakina kosa, jicho ndilo. Weee! Alinifokea mpaka kuku wakaruka. Eti mimi na vioo wapi na wapi! Na jioni ile ile akamimina chai nje ya kikombe, akailaumu meza.

Ningecheka, shemeji, lakini wajua kazi yake. Yeye ndiye mwendesha winchi bandarini, na mwanao Ruwa, uliyetukabidhi, yuko chini ndani ya meli akipokea mizigo anayoiteremsha Nguma. Juma lililopita bunda la magunia liligonga ukingo, likamkwaruza Ruwa bega. Nguma akasema ni kamba. Mimi niliposikia, nikaliona lile doa la ukingoni.

Nilipomdokezea Ruwa alicheka, akasema baba mdogo anaweza kuteremsha yai kwa winchi lisipasuke. Nguma aliposikia, akaniapisha juu ya Biblia nisimwambie tena mtu yeyote wa bandarini, maana kazi itakwisha. Haya, wewe uko Tanga, si mtu wa bandarini.

Naogopa, shemeji. Silali. Wazee walisema sikio la kufa halisikii dawa, lakini sauti yako wewe kaka yake, huisikia. Njoo, na kama huwezi kuja, mpelekee simu ya maandishi, umwamuru aache winchi akapimwe macho. Jumatatu itafunga gatini meli ya reli za chuma, nami naiombea barua hii iende mbio.

Msalimie Kaviha, mama yake Ruwa, lakini tafadhali usimsomee haya. Wasalimie na watoto. Mungu akulinde njiani, ukija.

Ruwa naye anakusalimu sana. Bega linapona. Anasema usiwe na wasiwasi juu yake hata kidogo, kwa kuwa aliyeshika winchi ni baba yake mdogo.

Mimi shemejiyo nikupendaye,
Kanze