Mwisho Uliokuwa Ukituzimia

Johannesburg

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa juani, kifua kimetulia. Mama naye, magoti yanamruhusu kwenda shambani? Mimi ni mzima, bado naosha vyombo hotelini, na baridi ya huku inaishinda ile ya Mbinga ya mwezi wa saba.

Dada Odilia alinipigia. Kasema ukumbi wetu wa video umevunjwa kupisha barabara, na wewe umeokoa benchi moja tu, umeliweka mlangoni, huongei na mtu. Baba, habari ile ilinikuta nimeshakuvunjia heshima. Ndiyo maana naandika. Kwa simu ningeshindwa.

Jumapili moja kabla, mimi na wenzangu wa chumbani tulikuwa tunaangalia TV. Ikaja sinema ya yule askari na mama yake, ile uliyokuwa ukituonyesha kila msimu wa kahawa, watu wa Kitura na Mpepai wamejaa hadi madirishani, nawe umesimama kando na fimbo yako unatafsiri. Sasa Kiingereza nakielewa. Kumbe hukutafsiri hata neno moja. Askari wa watu hakuvuka ziwa kwenda Malawi, wala hakumtukana mkubwa wake kwa Kimatengo. Nikawasimulia wenzangu, nikakuigiza na sauti yako. Walicheka hadi machozi, na mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Kisha ukafika mwisho. Wewe ulikuwa unazima deki pale mama anapofungua mlango, unasema, "Huyo, kijana kafika. Haya, mkalale." Tulirudi nyumbani tumefurahi. Huku hakuna aliyezima. Mlangoni alisimama mtu mwingine, kaleta habari ya msiba.

Kumbe ulijua, ukatuficha miaka yote. Naona haya, Baba. Nimemfanya kichekesho mtu aliyekataa tulale na huzuni. Na Odilia anasema siku hizi mbwa akibweka tu, Mama anakwenda kufungua.

Nimeomba likizo nije nyumbani, wamenipa. Nikifika Kitai nitapiga simu.

Msalimie Odilia na wanawe, na baba mdogo aliyekuwa akikata tiketi. Mwambie pole ya ukumbi ni yake pia. Benchi liacheni hapo hapo. Nataka unisimulie ile sinema upya, kwa Kimatengo chako, na mwisho ule ule wa kwako.

Mlango aufungue Mama mwenyewe.

Mwanao,
Kandidus