Fishi ya Faustin

Jumatatu, tarehe 7
Kambi ya Kanyaruchinya tena. Masomo yamefungwa, basi mimi mwalimu wa Kingereza ninajazia wakimbizi fishi, zile karatasi za Kingereza za kutafuta watu wao. Leo mama mumoja wa Kibumba anatafuta mutoto wake. Nikaandika lost. Mara nikafuta. Lost wanaisema hata kwa marehemu, nani atamutafuta? Missing ni mutu ambaye nafasi yake ingali inamungoja. Darasani ningeeleza kwa dakika mbili.

Yangu sijaijaza. Faustin, bwana yangu, alipanda Kibumba kuchukua viazi siku ile waasi waliposhuka. Siku kumi na moja sasa.

Alhamisi, tarehe 10
Chukudu yake imefika. Mwenzake wa kazi aliikuta imelala kando ya barabara, viazi vimeibwa vyote. Kigari kile kile cha mbao alichonisukumia hadi Sake wakati wa volkano. Faustin haachi chukudu. Mvua ikinyesha anaiingiza ndani, mimi nagomba.

Nimeiingiza ndani.

Jumamosi, tarehe 12
Wifi yangu Furaha amekuja na mabenchi ya jirani. "Mutu wa chukudu haiachi akiwa muzima. Acha tumulilie ndugu yangu." Wamama walishaanza kuketi chini. Ebu! Nikasimama mlangoni. Hakuna maiti, hakuna matanga! Nilipiga kelele kama kichaa.

Furaha alinitazama sana. "Basi ungoje peke yako."

Mabenchi yakarudi kwa jirani.

Jumapili, tarehe 13
Hakuna mutu. Nimewakasirikia wote, na Faustin zaidi.

Jumanne, tarehe 15
Kuna tofauti sikuwahi kuifundisha. Ukiandika lost, watu wanakuja. Wanalala kwako, wanapika, wanakushika mukono. Ukiandika missing, wanapita upande wa pili wa njia. Hawajui waseme nini. Pole gani utampa mutu ambaye hajafiwa?

Leo kidogo tu nimwite Furaha arudishe mabenchi. Nipate watu nyumbani, basi. Nimeona haya mpaka nimelia.

Alhamisi, tarehe 17
Nimejaza fishi ya Faustin. Missing. Nimeongeza kovu la kidevu na koti la kijani.

Jumapili, tarehe 20
Mchana Furaha ameingia bila kubisha, na sufuria ya maharagi. Alichukua kitambaa, akapangusa matope kwenye chukudu, gurudumu moja, kisha lingine. Akanawa.

Akapakua sahani tatu. Moja akaifunika.