Mwalimu Aliyekula Nyuma ya Tangi la Maji

Mpendwa Mama Soumaya, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana naongoza shule moja ya mtaa wa Buyenzi na Ijumaa hiyo mwalimu wangu mpya wa hesabu anaondoka, huku wanafunzi wa mwaka wa tisa wanasubiri mtihani wa taifa, na kosa ni langu, ila sijui nianzie wapi kulirekebisha.

Ngoja nikueleze nilivyopokelewa mimi, ndipo utaiona aibu yangu. Miaka kumi na tisa iliyopita nilifika shule hii simjui mtu, na mkuu wetu wa wakati huo, marehemu Maalim Shaabani, alibeba kiti chake mwenyewe akaja kukaa nyuma ya darasa langu la kwanza, akawa anatikisa kichwa kunikubalia hata pale nilipobabaika, na Jumamosi akanitembeza nyumba kwa nyumba akiwaambia wazazi, "Huyu ndiye mwalimu wa watoto wenu, mukimuona amechoka mumupe maji," na mpaka leo ziko nyumba siwezi kuzipita bila kuitwa nikae. Ramadhani ikiingia, yeye mwenyewe amefunga, lakini chupa ya chai haikuondoka chumba cha walimu, aliwamiminia Wakristo kwa mkono wake na kuwauliza kama sukari imetosha. Nayakumbuka mapumziko yale, kicheko kilisikika mpaka barabarani, nami niliyakuta yote tayari nikadhani shule ndivyo zilivyo.

Basi nilipopewa uongozi, Ramadhani ya kwanza tu nikaiondoa ile chupa, nikiona ndiyo heshima ya saumu, na walimu Wakristo wakawa wanakwenda kunywa chai kwa Rosette, mwenye kibanda nje ya geti. Mwaka huu, wiki ya kwanza ya mfungo, akaja Murhula, huyo wa hesabu, kijana Mkristo wa Bukavu, anapanga mtaa wa mbali wa Kinama na anakuja kwa miguu, nami nilikuwa na ripoti za wizara, nikampa ratiba, kanuni za shule na ufunguo wa darasa, nikamwambia karibu. Hakuna aliyemwonyesha kwa Rosette. Kila mapumziko namtafuta simwoni, nikasema huyu anatudharau, nikamwandikia demande d'explication ajieleze kwa maandishi, na walimu wote wakajua. Hakuandika. Alikuja ofisini, hata hakukaa, akasema taratibu, "Madame, mi nilikuwa nakulaka nyuma ya tangi ya maji. Bote munafunga, nikaona ni mubaya kukula mbele yenu." Kesho yake akaleta barua ya kuacha kazi.

Je, nimwandikie barua nzuri ya kumsifu, au nimtume mwalimu mwenzake akamlainishe? Namkumbuka Maalim mpaka nalia.

Directrice, Buyenzi

JIBU

Directrice, pole, ingawa pole kubwa zaidi namwekea Murhula.

Umenijazia ukurasa kwa habari za Maalim Shaabani, na anayeondoka umempa mistari michache. Nakuelewa. Sisi tuliopokelewa na watu wa namna ile tunawakosa sana, na mimi pia ninao wangu. Lakini machozi yako hayajamshibisha mtu. Unadhani Maalim hakuwa na ripoti za wizara? Alikuwa nazo, akaziacha mezani akabeba kiti. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, wewe wako ukampa kanuni za shule.

Na hiyo saumu, mwanangu, uliifunga wewe. Nani alikuambia inaondoa njaa ya mwenzio? Kijana wa watu aliiheshimu dini yako kuliko ulivyomheshimu yeye, halafu ukamtaka ajieleze.

Barua usiandike, karatasi zimetosha. Mtu pia usimtume. Kesho asubuhi kabla ya vipindi, mbele ya walimu wote, ichomoe ile demande d'explication kwenye faili lake na useme kwa mdomo wako kwamba umekosea, kwa sababu alivunjiwa heshima wao wote wakijua. Chupa ya chai irudi, na anayemimina awe wewe. Na mwalimu mpya yeyote atakayekuja baada ya hapo, wiki yake ya kwanza mtembeze wewe.

Hayo ni mepesi. Zito ni la leo. Shule ikifungwa, nenda Kinama kwa miguu, ukaijue njia anayotembea kila siku kuja kuwafundisha watoto wenu. Ukifika, mtihani wa taifa usiutaje, wala usimbembeleze abaki. Huenda ataondoka tu, na ni haki yake. Omba radhi, kaa atakapokukalisha, umwache aseme yote, hata yakichoma. Magharibi ikikukuta hapo, usikimbilie kwako. Futuru kwa chochote atakachokupa, na ule mbele yake.