Sera wa Pili

Ijumaa, 7 Novemba
Ibada kanisani, mtaa wa Ghala, hapa ughaibuni, kama kila Ijumaa. Zamu yangu kusoma orodha ya koo za Israeli. Majina, majina, mpaka ulimi ukanikauka. Nikafika kwa Asheri: wana wanne wa kiume, kisha Sera, dada yao. Jina langu! Basi, ametajwa tu. Hakuna aliloandikiwa zaidi. Nikawaambia wenzangu hata mimi nina kaka wanne. Wakacheka.
Nimerudi chumbani kwangu, mtaa wa Amerat, na furaha, nikamrekodia kaka Elia sehemu ile amsikilizishe mama kule Korogwe.
Elia kajibu: "Mama analia. Mpigie kesho."

Jumamosi, 8 Novemba
Nimepiga kabla ya kufungua duka ninaloshonea. Mama hakunisalimu.
"Kulikuwa na Sera kabla yako."
Surua ilimchukua. Mwaka mmoja na miezi minane. Mimi nilizaliwa baadaye, nikapewa jina lake. Na cheti chake cha kuzaliwa. Baba hakuona haja ya kuhangaikia kingine.
Nimekata simu.
Kisha nimekata mkono wa abaya ya mteja vibaya. Kitambaa kimeharibika.

Jumapili, 9 Novemba
Sijala. Nimefungua pasipoti mara kumi. Tarehe ile si yangu. Miaka yote nimesherehekea siku ya marehemu.
Elia alikuwa na miaka saba. Alikuwepo mazikoni. Alijua. Wote walijua. Leo namchukia.

Jumatatu, 10 Novemba
Bi Zuwena, mwenye duka, kaiona abaya. Hakugomba.
"Una nini, mwanangu? Nnakuona tangu juzi akili haipo."
Nikamweleza yote. Akaweka mkasi chini.
"Subhana Allah. Sasa wewe mwenyewe umezaliwa lini?"
Mwanamke mzima, na sijui siku niliyozaliwa.

Jumatano, 12 Novemba
Nimempigia mama kwa hasira. Nimemuuliza swali lile lile. Kajibu papo hapo: Alhamisi, mvua za vuli, tarehe ishirini na sita ya mwezi huu huu. Mkunga alichelewa, baba akanipokea kwa mikono yake.
"Kila mwaka siku hiyo nakuombea peke yangu."
Kumbe nina thelathini na mbili, si thelathini na tano. Nimelia kwa sauti dukani. Mteja mmoja katoka mbio.

Ijumaa, 14 Novemba
Sikwenda ibadani. Elia kampeleka mama kaburini, nyuma ya nyumba, wakanipigia kwa video. Jiwe moja dogo, majani mengi. Sikuwahi kujua lile ni kaburi. Tulikuwa tunalikalia.
Elia kaniomba radhi. Nimemwambia bado.
Mama kainama, kang'oa majani kidogo, kaita, "Sera."
Sikujua anamwita nani kati yetu.
Akaigeukia simu, akaita tena.
"Abee, mama."