Miti Waliyopanda Wageni

Baba Kelia,

Unisamehe nimechelewa hivi kukuandikia. Kila nikishika kalamu, mkono ulikuwa unataka panga.

Tuko Bwiza, huku mjini, chumba cha uani kwa dada. Mtoto uliyemwacha tumboni ni wa kiume, kichwa ni chako kabisa. Ananyonya mpaka nasikia kizunguzungu.

Wageni wako, wale watalii uliokuwa unawalaza kwetu kilimani, bado wanakuulizia. Watu wa kilimani waliwacheka sana: mzungu anapanda ndege kuja kupalilia maharage ya maskini? We ulisema, "Wengine wanapita na gari, wanatuachia vumbi. Hawa wanakaa." Na walikaa. Walilima na sisi, wakanywa pombe ya ndizi mtungi mmoja na mama yako, kila mtu na mrija wake. Mama akauza vikapu. Vijana waliokwisha kufunga mizigo waje kutafuta kazi huku mjini wakaifungua, wakabaki kuwaongoza kwa miguu.

Ila ile miti. Kila mgeni akiaga ulimpa tawi apande, liwe ukumbusho, tena pembeni, kando ya shamba la Severini, mtoto wa baba yako mkubwa. Mgeni hajui. We ulijua kwamba kwetu anayepanda mti pembeni anapanda mpaka. Nilikwambia. Ukacheka: "Apana, huyo ni ndugu, ataelewa."

Hakuelewa. Aliona unawauzia wazungu shamba lake, tawi kwa tawi. Alikuja jua likiwa kali, we umeinama. Panga la kwanza shingoni. La pili uliliinulia mkono. Niliokota vidole vyako, Baba Kelia. Nikavifunga kwenye kitenge nikidhani hospitali watavirudisha.

Severini yuko gerezani. Juzi nilipanda kilimani. Mdogo wake ameng'oa miti yote, ameichomea mlangoni pa chumba cha wageni, ukuta mweusi mpaka juu. Akanisimamisha njiani: "Rudi Bwiza, mama. Panga letu bado lina makali." Nilimwinulia jembe. Nilitaka kumpasua, sikufichi. Mtoto akapiga chafya mgongoni. Nikalishusha.

Halafu nikaenda kuwaita wazee wa kilima. Wamepima mbele ya watu wote, wameweka mawe. Mpaka ni ule ule wa babu yenu, hukumlia Severini hata shubiri moja.

Basi lala. Mvua zikianza narudi na watoto, nafungua kile chumba. Wageni watapanda miti katikati ya uwanja, mbele ya mlango wangu. Pembeni, hata tawi moja sitaki. Na kuhama sihami.

Bado nahitaji unitumie: ndoto moja, unionyeshe ile njia yako ya chemchemi isiyopita kwa Severini, ule mluzi wako, maana mbuzi hawanisikii, na kitu cha kunishika mkono siku nitakayokutana na mdogo wake kule shambani, yeye na panga lake, mi na jembe lako.